Mshipa wa Ekseli

Nyonga ya kushoto ya Domisiana ilianza kuuma kabla gari halijamaliza kona ya kwanza ya mteremko. Alivuta pumzi kwa pua, akagusa rozari iliyoning'inia chini ya kioo, akaanza kusali Matendo ya Uchungu kwa sauti ambayo midomo yake tu ndiyo iliijua.

Gari lilikuwa linashuka kutoka milima ya Mbulu kwenda bondeni, tairi moja baada ya jingine, juu ya mawe ambayo mvua zilikuwa zimeyaacha uchi. Nyuma, chini ya turubai, pampu ya kisima ilikuwa imefungwa kwa minyororo. Ilizidi uzito ulioandikwa kwenye mlango wa gari, na wote waliokuwapo yadi wakati wa kuipakia walilijua hilo. Hakuna aliyelisema. Dereva alikuwa Domisiana, na Domisiana hubeba.

Kikuku cha shaba kilimkaa mkononi, juu ya kiwiko. Kila tairi la nyuma lilipodondoka kutoka kwenye jiwe, kikuku kilipata joto na nyonga ikajibu, kama jino bovu linavyojibu maji baridi. Ekseli ya nyuma ilikaa nyongani. Ya mbele ilikaa mabegani. Ndivyo mishipa ilivyofumwa ndani ya chuma tangu kiwandani, na ndivyo madereva wote wa magari ya porini walivyofundishwa: chuma kikichoka, mwili wako ndio utakaoambiwa kwanza.

Redio ikakoroma. "Mama Hasimami, umefika wapi?"

Alikuwa Bwana Margwe, mwenye magari, aliyempa jina hilo kwa kuwa hapaki njiani.

"Nimeanza kuteremka, bwana."

"Nyonga?"

"Ipo."

"Ipo ndiyo nini?"

"Inavumilika."

Bwana Margwe akacheka kwa furaha. "Ndiyo maana nakupenda, mama. Hawa madereva wangu wengine kikuku kikiwagusa kama siafu, wanapaki, wanaita fundi, wanaagiza na chai. Wewe twende tu. Watu wa Kisima Kirefu wanakusubiri."

Sheria ya mishipa ilitungwa baada ya magari mengi kuvunjika na kuanguka kwenye miteremko kama ile, yakiwa yamejazwa kupita kiasi. Walioitunga waliamini kwamba dereva akiumwa pamoja na gari lake, hatalionea. Waliweka pia kwamba maumivu yakimzidi dereva, gari lizime lenyewe. Hawakufikiria kwamba wenye magari wangeanza kutafuta madereva wasiozidiwa. Siku ya kuajiri, Bwana Margwe alimvisha kila mwombaji kikuku, akamwendesha juu ya mawe, akamchukua yule aliyechelewa kuliko wote kusema "basi". Domisiana hakusema "basi" kabisa. Walimshusha tu kwa sababu jua lilikuwa linazama.

"Dereva," ilisema sauti kutoka kiti cha nyuma, "unatoka jasho, na huku kwenu kuna baridi."

Aliyesema alikuwa Udaweda, mama wa Kidatoga kutoka Kisima Kirefu. Pampu yao ilipokufa, yeye ndiye aliyepanda mlima kwa miguu. Alikaa mlangoni pa ofisi ya maji akapiga yowe mpaka mkuu wa ofisi akatoka nje, kikombe mkononi, kuuliza nani amekufa. "Bado," Udaweda alimjibu. Pampu ikatoka stoo siku iyo hiyo.

"Ni Kwaresma," Domisiana alisema.

"Kwaresma inatoa jasho?"

Leonsi, fundi wa pampu aliyekaa kiti cha pembeni, akacheka puani. Alikuwa mtu mpole, mwenye kifaa cha moyo kifuani ambacho alikigusa kila gari lilipoyumba, kana kwamba anahakikisha hakijadondoka.

"Ni nadhiri yangu," Domisiana akaeleza. "Kwaresma hii kila maumivu nitakayopewa nitayatoa sadaka. Hii safari nimeitoa kwa ajili ya watu wenu."

Udaweda alifikiri kidogo. "Nyie watu wa mlimani," akasema, "mnaumwa kimya kama mawe. Sisi kule, mtu akiumwa anapiga yowe, na anayelisikia asipokuja anatozwa ng'ombe. Mwanangu wa mwisho, Gidamesh, nimemwacha anakunywa maji ya magadi ya ziwani. Midomo imemgeuka myeupe. Nilipoondoka alikuwa analia, nikashukuru. Mtoto akinyamaza ndipo uogope."

Midomo ya Domisiana iliendelea kucheza. Alikuwa amefika tendo la nne, la kuchukua msalaba.

Mbele yao lilitokea Korongo Jeupe, pana na kavu, lenye mchanga katikati na mawe kingoni. Kulivuka lilikuwa jambo la kawaida. Utaratibu wa madereva wa zamani ulikuwa kusimama ukingoni, kushuka, kupunguza upepo wa matairi, kupanga mawe kwenye mashimo, na mzigo ukiwa mzito kuushusha na kuuvusha kwa mikono. Nyonga ilikuwa inamwambia Domisiana afanye hayo yote. Ilimwambia kwa nguvu, kisu kikizungushwa kwenye kiungo. Akauma mdomo, akasema moyoni, "Pokea, Bwana," akashuka nalo.

Tairi la nyuma la kushoto lilipanda jiwe, likaning'inia hewani, likazunguka kwa kasi bila kushika kitu. Yeye hakuachia moto, mguu ulibaki kwenye pedali ya mafuta. Tairi likadondoka likiwa bado linazunguka, likalishika jiwe ghafla, na uzito wote wa pampu ukawa juu yake.

Sauti ilikuwa ya kuni kavu ikivunjwa juu ya goti. Leonsi aliisikia kwa masikio. Domisiana aliisikia ndani ya mwili wake.

*

Alipopata fahamu vizuri alikuwa amelazwa mchangani kwenye kivuli cha gari. Mguu wa kushoto haukutaka kumtii, ingawa haukuwa na jeraha hata la mwiba.

"Nitolee kipande kilichovunjika," alimwambia Leonsi. "Mshipa umo ndani yake bado unalia. Mpaka kitoke, sitasimama."

"Mimi ni fundi wa pampu, mama."

"Boliti ni boliti. Nitakuelekeza."

Wakafanya kazi. Udaweda alizungushia mawe matairi matatu yaliyobaki chini. Leonsi aliweka ubao mchangani, juu ya ubao akaweka jeki, ili isizame, akaliinua gari taratibu. Uzuri wa gari lile ni kwamba tairi halikushikwa na ekseli. Lilishikwa na habu, kile kitovu cha katikati yake, na beringi zake. Kazi ya ekseli ilikuwa kuzungusha tu. Kwa hiyo ekseli ikikatika, tairi hubaki mahali pake, na gari likitolewa vipande vilivyokatika linaweza kutembea kwa kuvutwa na matairi ya mbele, iwapo dereva ana subira.

Leonsi alifungua boliti za kifuniko cha habu, akavuta kipande cha nje. Kilitoka kirahisi, kinachuruzika mafuta. Kipande cha ndani kilikataa. Alikunja waya akatengeneza kitanzi, akalala chali, akawa anavua kama mtu anayetafuta ndoo iliyozama kisimani, huku Domisiana akisema, "Kulia kidogo. Hapo. Umekigusa, nimekusikia." Kilipotoka, Domisiana alipumua kwa nguvu, na mguu wake ukarudi kuwa wake.

Tundu lililobaki lilikuwa linavuja mafuta. Leonsi alikata bati la kopo la maziwa kwa ukubwa wa kifuniko, lakini bati peke yake halikuziba. Udaweda alilichungulia bati na tundu lake, akakata upindo wa vazi lake la ngozi.

"Hii imelainishwa kwa samli tangu naolewa," alisema. "Mafuta hayapiti."

Hayakupita.

Ndipo Leonsi akavichukua vile vipande viwili, akavifuta kwa kitambaa, akaja navyo kwa Domisiana. Hakuja kama mtu anayeshtaki.

"Mama, tazama pale palipokatika. Pana rangi mbili."

Domisiana alitazama. Sehemu ndogo ilikuwa inang'aa kama sarafu mpya. Sehemu kubwa, zaidi ya nusu, ilikuwa nyeusi, imesuguliwa laini.

"Hii inayong'aa ni ya leo," Leonsi alisema. "Hii nyeusi ni ufa wa zamani. Umekuwa ukiila ekseli pole pole. Ulihisi?"

"Nilihisi."

"Tangu lini?"

Domisiana alipitisha kidole juu ya sehemu nyeusi. "Jumatano ya Majivu."

"Mama! Si ungesema pale yadi wakabadilisha ekseli? Ni kazi ya asubuhi moja."

"Maumivu yalikuja siku ile ile nilipoweka nadhiri. Padri alinipaka majivu asubuhi, na mchana nyonga ikaanza. Nikajua ni Mungu amenijibu, amenipa cha kumtolea."

Upepo ulipitisha mchanga mdogo juu ya turubai. Udaweda alikuwa bado ameshika kisu chake.

"Mungu alikuletea habari kwamba gari linavunjika," alisema, "na wewe ukamrudishia kama zawadi?"

Hakusema kwa dhihaka. Aliuliza kweli.

*

Ng'ambo ya korongo palikuwa pamesimama kama ngazi. Redio haikushika mle korongoni. Walilitazama gari, wakatazama kingo.

"Kwa matairi ya mbele peke yake," Leonsi alisema, "na pampu mgongoni. Mabega yako yatabeba?"

"Mwili wangu umechoka. Nikizidiwa katikati, gari litazima na kurudi nyuma na mzigo wake."

"Basi tukate." Akatoa koleo mfukoni. "Mshipa wa mbele. Ni waya mwembamba, nimeuona pale chini. Tukiukata, gari litavuta kwa nguvu zake zote bila kumuuliza mtu. Babu zetu waliendesha hivyo."

"Na ekseli ya mbele ikianza kuchanika, tutajuaje?"

"Hatutajua."

"Babu zetu waliendesha hivyo na wengine wao wamo humu humu korongoni, Leonsi. Mifupa ya magari yao umeiona."

"Kipo kikuku kingine," Udaweda alisema. "Nimekiona kwenye droo ya mbele."

Ilikuwa kweli. Kila gari lilikuwa na kikuku cha akiba, cha dereva wa kupokezana. Wakivaa wawili, maumivu hugawanyika. Domisiana hakuwahi kukitoa kwenye droo. Madereva waliowahi kupangwa naye walipewa kazi ya kumwamsha na kumpikia uji tu.

"Leonsi hawezi, ana moyo wa betri," aliendelea Udaweda. "Nimebaki mimi. Nipe."

"Sheria inakataza kumvisha mtu asiyeapa."

"Niapishe."

"Hujui unachoomba, mama."

"Nimezaa watoto watano. Usinifundishe habari za nyonga."

Leonsi alicheka, kisha akaona uso wa Domisiana, akaacha.

Domisiana alijikongoja hadi nyuma ya jiwe kubwa, akapiga magoti. Hakujua asali nini. Kosa lilikuwa lake. Kumvisha mwanamke aliyeacha mtoto mgonjwa nyumbani maumivu yaliyotokana na kosa lake, hiyo ni haki gani? Na kumnyima, wakati mtoto huyo huyo anasubiri maji, hiyo nayo ni nini? Kwa miaka mingi alikuwa amefuata Njia ya Msalaba kila Ijumaa ya Kwaresma. Kila mwaka alipita kituo cha tano, cha Simoni Mkirene, akipiga magoti na kuinuka kama wenzake. Siku zote alijiona yeye ndiye Simoni. Hakuwahi kutazama vizuri kwamba katika picha ile aliyesaidiwa ni Bwana mwenyewe, na kwamba Bwana hakuukataa mkono ule.

Hakuinuka na amani moyoni. Aliinuka na uamuzi, navyo ni vitu viwili tofauti.

"Inua mkono wa kulia," alimwambia Udaweda. "Sema baada yangu. Sitalionea gari."

"Sitalionea gari."

"Sitaupuuza mwili."

"Sitaupuuza mwili."

"Nitakachohisi, nitakisema."

Alipoyatamka maneno hayo ya mwisho sauti ilimpungua. Alikuwa ameyasema mwenyewe, mkono juu, siku alipopewa leseni, mbele ya afisa aliyekuwa anapiga miayo.

"Nitakachohisi, nitakisema," alisema Udaweda kwa sauti kubwa, mpaka korongo likamrudishia.

*

Walishusha kwanza vyote walivyoweza kubeba: sanduku la vifaa, tairi la akiba, mapipa ya maji ya njiani, minyororo ya ziada. Walipunguza upepo wa matairi mpaka yakakaa mchangani kama miguu ya ngamia. Kisha Domisiana akakaa kwenye usukani, Udaweda pembeni yake, vikuku viwili vimewaka, Leonsi nje na jiwe mkononi la kuzuia tairi.

Gari lilisogea urefu wa mwili wa mtu.

"Yuuuuwi!"

Domisiana alikanyaga breki kwa mshtuko. "Nini?"

"Inauma!"

"Hiyo? Hiyo ni kidogo sana. Hiyo ni kama kubisha hodi."

"Niliapa kwamba nitasema. Hukuniapisha kwamba niseme ikiwa kubwa."

Leonsi aliinama akatazama. Tairi la mbele la kulia lilikuwa limegota kwenye mzizi uliofukiwa, na ekseli ilikuwa inasokotwa. Walifukua mzizi wakaukata. Gari likasogea tena, na yowe likatoka tena, na safari hii lilikuwa jiwe lililokaa vibaya. Wakalipanga upya. Yowe lingine lilikuwa usukani uliokunjwa mno wakati wa kuvuta. Domisiana aliunyoosha, na maumivu yakakata kama taa iliyozimwa. Alistaajabu. Katika miaka yote ya udereva, hakuwahi kuyafuata maumivu kwa uaminifu kiasi cha kuona yanakomea wapi.

Mara tairi liliponing'inia hewani, Udaweda alilia kabla hata halijaanza kuzunguka, na Domisiana akaachia moto. Tairi likashuka taratibu, likalishika jiwe kwa upole kama mtu anayemshika mtoto mkono.

Iliwachukua mchana wote. Walipofika juu ya kingo, Udaweda alivua kikuku, akaenda pembeni ya njia, akatapika. Kisha akakaa chini akalia, na lile halikuwa yowe. Kilikuwa kilio cha chini chini.

Domisiana alimfuata. "Nisamehe, mama. Imekuuma sana."

"Siyo hiyo." Udaweda alijifuta uso kwa mkono wenye bangili. "Kila nilipopiga yowe nilikuwa namchelewesha Gidamesh. Nilikuwa najua. Yowe moja, namwona anakunywa magadi. Yowe jingine, namwona tena."

"Basi mbona hukunyamaza?"

Udaweda alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini jua ni la moto. "Ningenyamaza gari lingelala pale chini. Angekunywa ukimya wangu?"

*

Walilala pale juu, na kulipopambazuka walipandisha vitu walivyoshusha, wakaendelea. Mbele sasa ulikuwa uwanda, udongo mgumu na majani makavu, kitu rahisi. Udaweda alikuwa amesinzia kiti cha nyuma, mkono wake umevimba. Domisiana alikitazama kikuku cha pili juu ya dashibodi, akakirudisha kwenye droo.

"Nitabeba mwenyewe," alimwambia Leonsi. "Hapa ni tambarare."

Leonsi aligusa kifaa chake kifuani.

Jua lilipokwisha kupanda waliona miti ya kisima, kijani pekee katika nchi ile ya rangi ya ngozi. Waliona ng'ombe wamelala. Waliona na watu, wadogo kwa umbali, wamesimama wote wakitazama vumbi la gari. Kati yao na gari palibaki bonde dogo lenye mwinuko mfupi, na juu ya mwinuko huo kisima.

Bega la kulia likaanza.

Lilianza kama hodi. Domisiana alipunguza mwendo. Lilirudi, safari hii lenye ncha, lenye joto, na akalitambua. Lilikuwa maumivu yale yale ya Jumatano ya Majivu, yamehama tu mahali.

Redio ikakoroma. "Mama Hasimami! Watu wa kisima wamenipigia, wanaona vumbi lako. Umefika?"

"Bado mwinuko, bwana. Bega limeanza."

"Mwinuko? Ule wa pale kisimani? Huo ni kama kizingiti cha mlango, mama. Kaza. Ukishafika hata livunjike, utakuwa umefika."

Alisema kweli, na ndipo penye ugumu wake. Huenda lingefika. Alijua angeweza kulibeba bega lile. Alikuwa amebeba makubwa zaidi. Lakini njia ya mwinuko ilipita kando ya shimo la udongo, na watu walikuwa wameanza kuteremka kulipokea gari, watoto mbele kama kawaida yao. Ekseli ikikatika pale, pampu ingeteremka peke yake.

Akasimamisha gari chini ya mwinuko.

Leonsi alimgeukia. "Mama?"

Domisiana alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Siku alipomzika mumewe hakulia kwa sauti, na watu walimsifu kanisani kwa imani yake. Tangu hapo sauti ile ilikuwa imekaa chini kabisa, kama kitu kilichosahauliwa sakafuni mwa sanduku. Akafikiri juu ya Bwana wake, ambaye saa ile ya mwisho hakunyamaza, alilia kwa sauti kuu, na wote waliosimama pale wakamsikia. Kama yeye alilia, nani alimfundisha Domisiana kwamba kunyamaza ndiyo imani?

Yowe la kwanza lilitoka bovu, kama bawaba yenye kutu. La pili lilikuwa na nguvu. La tatu lilitoka na mumewe ndani yake, na nyonga, na miaka yote ile. Udaweda aliamka kwa kishindo. Hakuuliza. Aliruka nje, akasimama mbele ya gari, akalipokea yowe lile na kulipandisha juu zaidi.

Kule kisimani watu walisimama wima kwanza. Kisha wakaja mbio. Wanaume walikuja na fimbo na mikuki, wanawake na magongo yao, kwa sababu kule yowe ni vita au kifo.

"Nani amekufa?" mwanamume wa mbele aliuliza, akihema.

"Gari linaumwa," Udaweda alimjibu.

Yule bwana alilitazama gari. Akamtazama Domisiana, ambaye machozi yalikuwa yanamshuka bila kujificha. Akaweka mkuki chini. "Basi tubebe," alisema.

Leonsi alifungua minyororo, akaigawa pampu vipande vitatu. Waliingiza magogo chini ya kila kipande, wakatandika ngozi mabegani ili magogo yasiwachune, wakapanda nayo ule mwinuko, wakipumzika kila mmoja aliposema amechoka. Domisiana aliwatazama. Kila aliyechoka alisema, na aliposema, mwingine aliingia mahali pake. Hakuna aliyecheka wala kusifiwa.

Mwanamke mmoja alikuja na mtoto mgongoni. Midomo ya mtoto ilikuwa imepasuka, myeupe. Mtoto alimwona Udaweda akaanza kulia, na Udaweda alimkumbatia huku akirudia, "Analia. Mnamsikia? Analia." Kisha yule mwanamke akamwambia jambo kwa Kidatoga, polepole, na Udaweda akamchukua mtoto.

Alipofika kwa Domisiana alikuwa amembeba mtoto kifuani.

"Baba mkwe wangu amefariki jana jioni," alisema. "Kibuyu cha mwisho cha maji mazuri alimwachia Gidamesh. Yeye akanywa ya ziwani."

Jana jioni. Ndiyo saa ambayo gari lingefika, kama lingekuwa na ekseli nzima. Domisiana alitaka kupiga magoti. Udaweda alimshika mkono wenye kikuku, akamzuia.

"Usinipigie mimi magoti. Hilo utalipeleka kwa Mungu wako." Akamweka mtoto vizuri kifuani. "Ila safari hii umwambie kwa sauti."

Akaondoka na mtoto kuelekea kisimani.

Domisiana alijilaza chini ya gari. Alipangusa vumbi kwenye ekseli ya mbele, akapitisha ukucha juu ya chuma, taratibu, mpaka ukucha ukakwama. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, mfupi, bado mchanga. Aliugusa, na bega lake likamjibu. Alilala hapo na mkono wake juu ya ufa, akisali kwa maneno, akimtaja yule mzee ambaye hakumjua hata jina, na hakujali nani anamsikia.

Kutoka juu ya mwinuko zilisikika spana za Leonsi, kisha mlio wa pampu ukijaribu, ukishindwa, ukijaribu tena. Kisha ikaja kelele ya watu wote kwa pamoja, na katikati yake sauti ya maji.

Redio ikakoroma ndani ya gari. "Mama Hasimami? Mbona kimya? Umefika?"

Domisiana alitoka chini ya gari, akachukua kipaza sauti kwa mkono uliojaa grisi.

"Maji yamefika, bwana," alisema. "Mimi nimesimama."